Picha Kuukuu na Mtu Asiye na la Kuandika

Familia ya askari huhama mara nyingi kuliko familia nyingine. Amri ya uhamisho ikifika, kitanda huuzwa kwa jirani, viti huachwa, kuku hugawiwa, na lori likiondoka hubeba magodoro, masufuria na sanduku la bati. Ndani ya sanduku hilo, chini ya vyeti vya shule na kadi za kliniki, mna bahasha ya picha. Bahasha hiyo haiuzwi wala haigawiwi. Lakini pia haifunguliwi. Aghalabu hutolewa siku ya msiba, inapotakiwa picha ya marehemu ya kuwekwa juu ya jeneza. Watu huchagua upesi ile ambayo uso unaonekana vizuri, na zilizobaki hurudishwa mahali pake. Hakuna anayeuliza yule mwanamke aliyesimama nyuma alikuwa nani. Na mwaka unaofuata, yule mzee ambaye angeweza kujibu naye hayupo.

Safu hii imekwisha kueleza namna ya kuandika barua njema na namna ya kuweka daftari la matumizi ya nyumba. Leo inafaa kuzungumzia uandishi wa hadithi, kwa kuwa wako wengi makambini na katika nyumba za polisi wanaoutamani. Wanapopewa karatasi husema hawana la kuandika. Yamkini lawama si yao. Shuleni walizoea kupewa kichwa cha insha, kama vile "Siku Nisiyoisahau", na watoto arobaini wa darasa moja wakaandika habari za ajali ya basi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona. Kichwa cha namna hiyo ni kipana mno. Picha ni jambo dogo. Ina watu watatu, kiti kimoja na kivuli kimoja, na anayeitazama hana budi kuanza na vitu hivyo hivyo. Udogo huo ndio unaomsaidia mwandishi mchanga.

Waganda huziita picha ebifananyi, yaani vitu vinavyofanana na kitu kingine, na msikilizaji wa Kiswahili husikia mara moja ndani ya neno hilo kitenzi chake mwenyewe, kufanana. Mpiga picha na mtafiti wa Kiholanzi, Andrea Stultiens, ambaye mwaka 2011 alianzisha pamoja na Canon Griffin wa Uganda mradi wa kukusanya na kuonyesha picha za zamani za nchi hii, alilitumia neno hilo liwe jina la mfululizo wa vitabu vyake. Ni neno lenye adabu. Halidai kwamba kilichomo katika karatasi ndicho mtu mwenyewe. Husema tu kwamba kinafanana naye. Basi mwandishi anayeanzia kwenye picha anatakiwa kutenga mambo matatu tangu mwanzo: lile analoliona kwa macho, lile aliloambiwa na mwenye kujua, na lile analolibuni mwenyewe. Yote matatu yanaruhusiwa katika hadithi. Kuyachanganya bila kujua ndiko kunakoharibu kazi.

Na ichukuliwe kwa mfano picha ya aina inayopatikana katika nyumba nyingi. Ni nyeusi na nyeupe, ukubwa wake kama kadi ya posta, na kingo zake zimekatwa kama meno ya msumeno. Askari amesimama, mkono wake wa kulia uko juu ya mgongo wa kiti. Mwanamke aliyevaa gomesi ameketi. Kati yao yupo mtoto wa kiume wa miaka minne hivi, na uso wake umefifia kwa sababu alitikisika. Nyuma yao limetundikwa pazia lililochorwa ziwa na minazi.

Anayeanza huandika kwamba baba alikuwa askari hodari na mama alikuwa mrembo mwenye upendo. Hayo hayamo katika picha. Ni heshima tu, na heshima haijapata kuwa hadithi. Mtazamaji mwenye subira huacha nyuso mpaka mwisho, maana nyuso zilipangwa na mpiga picha. Huanza pembeni na chini. Buti za askari zinang'aa. Mtoto hana viatu. Mwanamke anavyo, lakini vimemzidi: nyuma ya kisigino chake pana nafasi ya kupenya kidole kizima. Ukingo wa pazia haukufika chini, na hapo panaonekana ukuta wenye ufa na mguu wa meza. Mkono wa kushoto wa mwanamke umefumbwa, ama una kitu ndani yake, ama unazuia kutetemeka. Mambo haya hakuna aliyekusudia yaonekane, na kwa sababu hiyo ndiyo yenye thamani kubwa kwa mwandishi.

Baada ya hapo yafaa kuuliza picha ni ya mwaka gani, kwa kuwa mwaka huleta ulimwengu mzima pamoja nao. Kingo za meno zilikuwa mtindo wa miaka ya 1930 hadi ya 1960. Nyuma ya karatasi huwa na muhuri wa studio, na pengine jina la mji. Lakini kwa jamaa wa askari shahidi mkubwa ni sare. Katika picha za Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Keya wanaonekana wamefungwa vitambaa kutoka gotini hadi kifundoni, na chini ya vitambaa hivyo miguu mitupu. Kikosi cha nne cha Keya, kilichokuwa cha Uganda, kilipigana Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika bonde la Kabaw, mwaka 1944, na divisheni hiyo ikaufikia mto Chindwin mwaka huo. Wakati wa uhuru, mwaka 1962, kikosi hicho kikawa Uganda Rifles. Kisha likaja Jeshi la Uganda, UNLA mwaka 1979, NRA mwaka 1986, na jina la UPDF kwa katiba ya mwaka 1995. Sare na beji hazikubaki zile zile katika njia yote hiyo. Sajini mstaafu akionyeshwa kofia iliyo katika picha anaweza kutaja miaka kwa haraka kuliko kitabu chochote, na huenda akaongeza habari ambazo hazimo kitabuni.

Swali linalofuata ni la maana kuliko yote, nalo ni hili: kwa nini siku ile? Zamani picha iligharimu fedha, na mtu hakwenda studio bila sababu. Alikwenda kwa kuwa ameoa, au amepata tepe, au mtoto amepona surua, au yeye mwenyewe anaondoka na hajui kama atarudi. Picha nyingi za askari zilipigwa kwa sababu hiyo ya mwisho. Mwandishi akiijua sababu, hadithi imeanza. Asipoijua, anaweza kuibuni, mradi asisahau kwamba ameibuni.

Kuhusu nguo na mapambo, tahadhari inahitajika. Saa iliyo mkononi mwa kijana wa mwaka 1955 si ushahidi kwamba alikuwa na saa. Seydou Keïta, mpiga picha mashuhuri wa Bamako nchini Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliweka humo suti, saa, redio na vitu vingine ambavyo wateja wake waliweza kuvitumia wakati wa kupigwa picha. Wapiga picha wa miji mingine walifanya vivyo hivyo. Wako wanaoona kwamba huo ulikuwa udanganyifu. Kwa mwandishi ni faida: saa ya kuazima haionyeshi mali ya mtu, inaonyesha alilolitaka, na mhusika ambaye matakwa yake yanajulikana ni rahisi kumwandikia kurasa ishirini.

Kama yupo anayedhani kwamba picha moja haitoshi kuzaa kitabu kizima, na asikie habari za picha moja ya Ujerumani. Mwaka 1914 mpiga picha August Sander aliwapiga picha vijana watatu katika njia ya vumbi huko Westerwald. Wamevaa suti nyeusi na kofia, kila mmoja ana fimbo mkononi, mmoja ana sigara mdomoni, na wamegeuza shingo kana kwamba mtu amewaita wakiwa safarini. Jina la picha linasema ni wakulima vijana wanaokwenda dansini. Mtazamaji wa leo anajua jambo ambalo wao hawakulijua, kwamba mwaka ule ndio vita vilipoanza. Miaka mingi baadaye Mmarekani kijana, Richard Powers, aliyekuwa akifanya kazi ya kompyuta, aliiona picha hiyo katika jumba la sanaa la Boston. Siku chache baadaye aliacha kazi yake, akaandika riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1985, na chanzo chake ni vijana hao watatu njiani.

Habari hiyo ina nyongeza yenye mafunzo. Uchunguzi uliofanywa muda mrefu baada ya riwaya kutoka ulionyesha kwamba vijana wale hawakuwa wakulima, bali watu wa mgodi wa chuma wa jirani, na kwamba mmoja wao hakurudi kutoka vitani. Riwaya haikuharibika kwa sababu hiyo, maana ilikuwa riwaya. Ila ni onyo kwa wale wanaoamini maneno yaliyoandikwa chini ya picha. Maneno hayo nayo yana mwandishi wake, na mwandishi huyo alikuwa na haja zake.

Mfano wa karibu zaidi uko hapa Kampala. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, yalipatikana makumi ya maelfu ya negativu za picha zilizopigwa na wapiga picha wa Wizara ya Habari tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980. Zilikuwa zimehifadhiwa katika bahasha, na juu ya bahasha imeandikwa tarehe na shughuli. Nyingi hazikuwa zimewahi kusafishwa zikawa picha za karatasi. Zilipigwa, zikaandikwa, zikafungiwa. Wafanyakazi wa shirika hilo pamoja na wahadhiri wa vyuo vikuu vya Michigan, Marekani, na Western Australia walianza kuziingiza katika kompyuta, na mwezi Mei 2019 baadhi yake zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Kitabu chake kilitoka mwaka 2021.

Sehemu kubwa ya picha zilizoonyeshwa ni za utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979. Amin yumo akihutubia, akipokea wageni, akikagua gwaride, akicheka na wanakijiji. Jua linawaka, watu wamevaa nguo safi. Hakuna maiti, hakuna chumba cha mateso, hakuna gari lililosimama usiku mbele ya nyumba ya mtu. Kama mgeni asiyejua lolote angeonyeshwa picha hizo peke yake, angedhani kwamba ilikuwa miaka ya sherehe. Wenye maonyesho waliliona tatizo hilo wakalisema wazi, maana waliotembelea jumba lile wengine walikuwa wamepoteza baba na kaka katika miaka ile ile. Mpiga picha wa serikali hakutumwa mahali palipotokea hayo, na kamera haioni mahali ambapo haikupelekwa.

Zimo pia picha za kesi za uchumi. Mwaka 1975 ilianzishwa kwa dikrii mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, yenye uwezo wa kuhukumu kifo, na washtakiwa wa magendo na ulanguzi walipigwa picha pamoja na bidhaa zilizosemekana kukutwa kwao. Mwandishi wa hadithi angeweza kukaa mbele ya picha ya namna hiyo kwa juma zima. Nani aliyezipanga bidhaa? Mshtakiwa anatazama wapi, kwenye kamera au kwenye mali? Askari aliye pembeni, ambaye amekatwa nusu na ukingo wa picha, alikuwa na umri gani, na jioni ile alikula nini, na je, nyumbani kwake kulikuwa na sabuni?

Swali hilo la askari wa pembeni linawagusa wasomaji wa gazeti hili kuliko wengine. Wako watu wazima leo ambao baba zao walivaa sare katika miaka ile, au katika miaka ya vita iliyofuata, upande huu au upande ule. Wamebaki na picha ya kijana mwenye meno meupe na kofia iliyoinamishwa kidogo. Hawajui alifanya nini. Wengine wanaogopa kujua. Katika nchi ambayo serikali imebadilika kwa mtutu zaidi ya mara moja, picha ya mtu mwenye sare iliweza kuwa fahari mwaka huu na hatari mwaka ujao, na mwenye kuificha chini ya godoro alikuwa na sababu zake. Mtoto kama huyo akitaka kuandika, hushawishiwa na njia mbili zilizo rahisi: ama kumtukuza baba, ama kumhukumu. Picha haimpi ruhusa ya lolote kati ya hayo. Inampa kofia iliyoinamishwa, tabasamu, mkono ulio mfukoni. Mama naye humpa alichokubali kusema. Na palipo na ukimya wa mama, ukimya huo uandikwe ulivyo: kwamba aliulizwa, akaiangalia picha, akauliza kama maji ya chai yamechemka. Ukurasa mmoja wa namna hiyo una ukweli mwingi kuliko kurasa kumi za sifa au za lawama, na haumvunjii mtu heshima.

Hapa inafaa kusema juu ya kuuliza. Mzee haulizwi kama mshtakiwa kituoni. Polisi wenyewe wanajua kwamba maswali ya mfululizo humfanya mtu aeleze kinachotakiwa, si kilichotokea. Bora picha itolewe baada ya chakula, iwekwe mkononi mwake, na kijana anyamaze. "Jaja, huyu mtoto ni nani?" yatosha kuwa mwanzo. Bibi huenda asimtaje mtoto kwanza. Atasema juu ya kitambaa cha gomesi, kilinunuliwa kwa Mhindi gani na kwa shilingi ngapi; atasema siku ile mvua ilitaka kunyesha. Kijana mwenye haraka hulikata neno hilo ili arudi kwenye swali lake, na hapo hupoteza kila kitu. Bei ya kitambaa ndiyo njia bibi aliyoichagua kufika kwa mtoto. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kwa Kiluganda, Kilugbara au Kiacholi, na Kiswahili kije baadaye, kwani tafsiri ya papo hapo humeza mambo mengi.

Ziko picha zilizokatwa kwa mkasi. Mwanamke amebaki peke yake na juu ya bega lake umebaki mkono usio na mtu. Mwandishi atavutwa sana na mkono huo, na ni haki yake. Lakini aliyekata picha alikuwa na sababu, na kama yu hai, hadithi ni yake kabla ya kuwa ya mwandishi. Majina yabadilishwe, mji ubadilishwe, hata idadi ya watoto ibadilishwe. Aibu ya shangazi haiwi fasihi kwa kuwa imechapishwa.

Sasa kuhusu kuandika kwenyewe. Ile picha ya mfano, yenye askari, mwanamke na mtoto aliyetikisika, inaweza kuzaa maneno kama haya:

"Viatu vilikuwa vya mke wa sajini wa nyumba ya tatu. Alivibeba mkononi mpaka mlangoni mwa studio, maana vumbi hufutika lakini mkwaruzo haufutiki. Mumewe alikuwa ametangulia hatua kumi, kama kawaida yake, na hakujua habari ya viatu. Mpiga picha alipomwambia arudishe miguu nyuma chini ya kiti, alikataa. Alitaka vionekane. Picha ikifika kijijini, dada yake ataangalia viatu kwanza, na uso baadaye. Mtoto akauliza kwa sauti kubwa, 'Mama, hivi tutavirudisha lini?' Akamfinya. Hapo ndipo taa ilipowaka."

Hamna ushujaa katika maneno hayo, wala vita, wala machozi. Lakini msomaji amekwisha kujua mshahara wa nyumba ile, mwendo wa ndoa ile, na kwa nini uso wa mtoto umefifia. Viatu vilivyozidi vilionekana katika picha. Mtoto aliyetikisika alionekana. Jirani, dada na kufinya vilibuniwa, navyo vilibuniwa ili kueleza vile viwili vilivyoonekana. Kubuni kukitoka katika ushahidi namna hiyo, hadithi husimama kwa miguu yake.

Watoto nao wanaweza kufanya kazi hii nyumbani, hasa wakati wa likizo ambapo nyumba ndogo za kambi hujaa kelele. Zoezi moja halikosi kuwapendeza: kila mtoto achague mtu mmoja katika picha, aandike alichofanya saa moja baada ya picha kupigwa. Arusi imekwisha, kaka wa bwana arusi anavua koti la kuazima, anakwenda wapi? Zoezi jingine ni kumtafuta mtu asiyeonekana. Katika picha nyingi za familia za askari baba hayumo. Pengine yeye ndiye aliyeshika kamera. Pengine alikuwa zamu. Uganda ilianza kupeleka askari Somalia mwezi Machi 2007, na wako vijana waliokua huku kila picha ya siku ya kuzaliwa ikiwa na nafasi upande wa kulia wa mama. Mtoto akiambiwa aandike habari za nafasi hiyo, asisahihishwe tahajia siku hiyo hiyo. Na baba aliye mbali, kama ana simu, anaweza kuombwa atume picha moja ya utoto wake badala ya picha ya alipo. Picha za alipo zina amri zake, na msomaji wa gazeti hili hahitaji kukumbushwa.

Limebaki jambo la kutunza, nalo ni fupi. Wengi hushangaa kuona picha za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu ilhali zile nyeusi na nyeupe za babu ziko imara. Sababu ni kwamba picha nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa chembe za fedha, lakini ile ya rangi imetengenezwa kwa rangi za kemikali, na rangi ya samawati iliyomo hufifia mapema hata gizani. Picha kama hiyo inakiliwe kwa simu au kwa mashine leo, wala isingojwe ipone. Albamu zenye kurasa za gundi ziepukwe, kwani gundi hushika picha isitoke tena bila kuchanika. Bahasha ya karatasi kavu yatosha, mbali na ukuta unaovuja na mchwa. Kalamu ya wino isitumike nyuma ya picha. Wino hupenya, na nguvu ya mkono huacha alama upande wa mbele, wakati mwingine usoni kabisa pa mtu. Majina yaandikwe kutoka kushoto kwenda kulia, kisha mahali, mwaka kama unajulikana, na jina la aliyesimulia, kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza.